Klachi huuliwa na aibu

Gari ikizima haijaharibika. Nimelitanguliza hili kwa sababu walimu wetu wengi, yaani kaka, majirani na kila aliyewahi kushika usukani, wanamfundisha mtu kana kwamba kuzimisha gari ni dhambi. Umeachia klachi haraka, gari imeruka, imetikisika, kimya. Taa nyekundu zimewaka na mtu mmoja barazani amecheka. Kilichotokea ni kwamba injini imetwishwa mzigo ghafla ikiwa haina nguvu ya kuubeba, ikasimama. Hakuna kilichovunjika, hakuna kilichoungua. Unakanyaga klachi, unatoa gia, unawasha, unaanza upya.

Kinachoiharibu gari ni yale anayoyafanya mwanafunzi ili isizime. Anakanyaga mafuta mpaka injini inapiga ukelele, kisha klachi anaiachia nusu na kuganda nayo hapo hapo. Gari inaondoka polepole, kwa madaha. Barazani hakuna anayecheka, na mwenyewe anajiona keshajua. Huku chini pleti ya klachi inaungua.

Mie ni mkunga. Kuendesha nilijifunzia Unguja kwa gari ya otomatiki, kama wengi wa rika langu, maana gari ndogo tunazoletewa kutoka Japani siku hizi nyingi ni hizo: Vitz, IST, Noah. Nilipohamishiwa Pemba, gari niliyoikuta nyumbani ilikuwa Suzuki Carry ya ami yangu, ya gia, ya kubebea karafuu. Ami ameendesha malori tangu mie sijazaliwa, ila sasa macho yake usiku hayamsaidii. Akaniambia gari nitaichukua, kwa sharti moja. "Izimishe utakavyo, mwanangu. Hata ukienda unaizimisha mpaka Mkoani, sikugombi. Lakini nikisikia harufu, unaiacha hapo hapo unarudi kwa miguu."

Ili niijue hiyo harufu, kabla ya somo la kwanza alinipeleka gereji moja Chake Chake. Fundi alikuwa ameshusha giaboksi ya gari ya abiria, na pleti ya zamani ameitupa juu ya gunia. Nikapewa niishike. Ni sahani ya chuma ambayo pande zote mbili huwa imevikwa lainingi, lakini ya hii lainingi ilikuwa imekwisha, vichwa vya ribiti vimetokeza. Bado ilikuwa inanuka, harufu kali ya kuungua inayobaki kooni. Fundi akanionyesha na uso wa flaiwili, lile gurudumu la chuma la injini ambalo pleti hubanwa juu yake, una mabaka ya buluu. Akasema chuma kikipata moto kupita kiasi ndivyo kinavyogeuka rangi. Kitu chenyewe si kikubwa, unakibeba kwa mkono mmoja, lakini kukifikia lazima uchomoe propela, ushushe giaboksi, na siku ya fundi imekwenda. Ndiyo maana ami anailinda pleti kuliko anavyoilinda rangi ya gari. Rangi kwa kweli haijali kabisa, mlango wa kushoto una rangi yake na wa kulia una yake.

Namna klachi inavyofanya kazi ni rahisi kuliko watu wanavyoieleza. Flaiwili imefungwa kwenye injini, inazunguka muda wote injini ikiwaka. Pleti imekaa kwenye shafti inayoingia giaboksi. Presha pleti, kwa nguvu ya springi, inaibana pleti kwenye flaiwili, vyote vikazunguka pamoja. Ukikanyaga klachi, beringi inaisukuma springi ile, pleti inaachiwa, na injini inabaki inazunguka peke yake bila kuvuta magurudumu. Basi. Pleti ikiwa imebanwa sawasawa hailiki, hata upakie magunia mpaka juu uende nayo Konde. Ikiwa imeachiwa kabisa, pia hailiki. Inaliwa hapo katikati tu, inapogusa huku inateleza. Umri wake wote unakwisha katika vile vipande vya sekunde vya kuondoka na vya kubadilisha gia. Anayejua huvifupisha, tena huvipitia injini ikiwa imetulia. Anayeogopa kuzima huvirefusha huku injini inalia, kwa hiyo kosa linakuwa mara mbili: muda mrefu na moto mwingi.

Somo lenyewe tulilifanyia upande wa Vitongoji. Anayeijua Pemba anajua kwamba kati na magharibi ni vilima na mabonde, unapanda ukishuka, na mashariki kwenye maweni ndiko ardhi inakotulia. Mwanafunzi asianzie mlimani. Tukapata njia tambarare isiyo na watu, ami akakaa pembeni, akavua kofia yake akaiweka juu ya dashibodi. Halafu akaniamuru mguu wa kulia niuondoe kwenye mafuta kabisa.

"Leo mafuta hakuna," akasema. "Meli haikufika."

Gia ya kwanza, handibreki chini, klachi imekanyagwa mpaka mwisho. Kisha niiachie kidogo kidogo, bila mafuta, mpaka sauti ya injini izame na gari ijikaze kama inataka kuondoka. Hapo niuzuie mguu kidogo, niiache gari itambae, ndipo nimalizie kuachia. Kwenye ardhi tambarare injini iliyo nzima, ikizunguka polepole, inaweza kuivuta gari yenyewe bila hata tone la ziada. Mguu wako ukiwa na haraka itazima, lakini haitaungua, maana injini haina kasi ya kuunguza chochote. Nilikaa na zoezi hilo mpaka jua likaanza kuinama, na gari ikazima kadiri ilivyopenda. Ami wala hakugeuza shingo. Kwa kazi yangu nililielewa hivi: ni kama kumkabidhi mtu mtoto mchanga. Humwachii mpaka uhisi mikono ya mwenzio imembeba, na ukishahisi hivyo huendelei kumng'ang'ania.

Hicho kipande cha mwisho ndicho kinachosahauliwa. Watu wanaambiwa "achia polepole, achia polepole", wanaachia polepole mpaka barabara inakwisha. Upole unahitajika pale inaposhika tu. Ikishashika na gari ikishatembea, toa mguu wote, uweke chini, pembeni. Usiupumzishe juu ya pedeli. Ule uzito mdogo wa mguu uliosahauliwa unatosha kuifanya beringi ifanye kazi muda wote bila sababu, na pengine kuilegeza pleti iteleze bila wewe kujua.

Na kwa kuwa tumefika miguuni, wanawake wenzangu, buibui. Hakuna mwalimu wa kiume atakayekuambia. Pindo la buibui likiingia chini ya kisigino, klachi unaiachia pale nguo itakapokuruhusu, si pale unapotaka. Mie nalikusanya upande wa kushoto na kulikalia kabla sijafunga mlango. Champali nazo hapana. Zinateleza, zinakunjika, na ya mguu wa kulia inaweza kukwama chini ya breki, jambo ambalo si la kucheka. Nina raba nyepesi za soli nyembamba zinazolala garini siku zote. Soli nene inakunyima habari. Lile tetemeko dogo la pedeli pleti inapoanza kushika unalisikia kwa unyayo kabla ya sikio.

Sasa nirudi kwenye kichwa cha habari. Njia ya kutoka kwetu inapita mbele ya baraza lenye karata na kahawa kila alasiri, na hapo hapo kuna kona inayokulazimisha usimame uangalie. Nimekuwa nikiwatazama vijana wanaojifunza wakifika pale. Yule yule aliyekuwa anaondoka vizuri kule peke yake, akifika mbele ya baraza anakanyaga mafuta mpaka moshi. Hataki kuchekwa. Gari inaondoka kwa kishindo, na nyuma yake inabaki harufu niliyoishika kwa mkono wangu kule gereji. Wazee wanaitikia kwa kichwa, eti huyu anajua. Mwanamke ndiyo kabisa. Mie nikizima pale, maoni yanatoka mpaka kwa asiyekuwa na baiskeli. Ami alinipa dawa yake: ukizima mbele ya watu, usiwashe mara moja. Vuta handibreki, weka fri, yaani toa gia, rekebisha kioo, itikia salamu, ndipo uwashe. Kwanza inakutuliza, pili inakuzuia lile kosa la kuwasha gari ikiwa bado kwenye gia, ikaruka mbele na kumgonga mtu. Mie nimeongeza la kwangu, nawauliza hali. "Hamjambo nyote?" Inakuwa vigumu kumcheka mtu aliyekusalimia kwa heshima.

Gia zenyewe hazikunisumbua sana, kwa hiyo sitazirefusha. Usukani uko kulia, gia inapigwa kwa mkono wa kushoto, na sheria ya ami ni kwamba gia haisukumwi kwa bega. Ikikataa kuingia, klachi hujaikanyaga mpaka mwisho, au una haraka. Irudishe fri, kanyaga tena, ijaribu. Yeye alijifunza kwenye malori ya zamani ambayo giaboksi zake hazikuwa na sinkromeshi, kile kifaa kinachosawazisha mwendo wa meno kabla hayajaumana. Walikuwa wanakanyaga klachi mara mbili kwa kila gia: mara ya kwanza kutoa gia, kisha kuigusa injini kidogo kwa mafuta ikiwa wanashuka gia, mara ya pili kuingiza. Asiyejua alisaga meno mpaka kijiji cha pili kikamsikia. Gari za leo zina sinkromeshi kwenye gia za mbele, lakini rivasi nyingi hazina, ndiyo maana ukiipiga rivasi gari ikiwa bado inatambaa mbele utasikia mkwaruzo. Simama kabisa, hesabu kidogo, kisha rivasi.

La hatari zaidi ni kukosea njia ya gia ukiwa kwenye mwendo. Umetoka gia ya nne unataka ya tatu, mkono ukakupeleka ya kwanza. Ukiachia klachi hapo, magurudumu yataizungusha injini kwa kasi ambayo haikuumbiwa, na vali zinaweza kupinda. Hakuna kifaa kinachoizuia, ila mkono mtulivu tu.

Basi mlima. Mkoani mji wenyewe umekaa kwenye mteremko unaoishia bandarini, na siku boti inapoingia kutoka Unguja barabara ile inajaa gari za abiria, mikokoteni, watu na mabegi. Unapandisha kutoka bandarini, mbele yako gari imesimama kushusha mzee, nyuma yako mtu amekuganda kiasi cha kumwona meno. Hapo ndipo pleti nyingi zinapokwisha, kwa sababu dereva anaiweka gari isimame mlimani kwa klachi: haendi mbele, harudi nyuma, anachezea mafuta na klachi kana kwamba anaonyesha ufundi. Ufundi kweli upo, ila kila sekunde ya ufundi ule ni pleti inayoteleza ikiwa imebeba uzito wa gari nzima. Kwenye Carry injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo ukifanya hivyo huhitaji kuambiwa na mtu, moto na harufu unavikalia.

Handibreki ndiyo dawa, na handibreki yako lazima iwe nzima kabla hujaenda kutafuta mlima. Simama kwa breki ya mguu, vuta handibreki, weka fri, pumzika. Njia ikifunguka: klachi mpaka mwisho, gia ya kwanza, mafuta kidogo na uyashikilie hapo hapo, achia klachi mpaka pua ya gari inyanyuke kidogo. Huo mnyanyuko ndio ishara kwamba pleti imeshika. Sasa shusha handibreki, ongeza mafuta, malizia klachi. Gari hairudi hata kidogo. Aliyekuganda nyuma na apige honi mpaka betri yake ichoke. Ukiwa na mzigo, usione uvivu kuanza na gia ya kwanza. Wapo wanaoanzia ya pili mlimani na magunia ya karafuu nyuma, wakidhani wanaipunguzia injini kazi. Hiyo kazi wameipa klachi.

Kushuka kuna ugomvi wake, na mtoto wa ami yangu mpaka leo hajakubali. Yeye akifika kichwa cha mteremko anatoa gia, anaiachia gari fri iteremke yenyewe, eti anabana mafuta. Kwa injini za EFI, zile zinazopimiwa petroli na kompyuta, hesabu hiyo haipo. Ukiteremka ukiwa kwenye gia na mguu umeutoa kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta inakata petroli mpaka mwendo ushuke. Ukiwa fri, injini lazima ijiwashe yenyewe isizime, kwa hiyo inakunywa. Na hata kwa gari ya kabureta, isiyo na ujanja huo, fri inakunyima kile kinachokusaidia zaidi, yaani injini kuishika gari. Breki zinabaki peke yake, zinapata moto, zinalegea. Msimu wa karafuu hasa ndipo sitaki mchezo. Pembeni ya lami kumeanikwa majamvi yaliyojaa karafuu za watu, watoto wamekaa kuzilinda, kuku wanavuka, na nyuma yangu kuna mzigo unaonisukuma. Nashuka kwa gia ile ile ambayo ningepandia mlima huo. Injini inanguruma, na ingurume.

Anayezima injini kabisa kwenye mteremko, huyo sina la kumwambia zaidi ya kwamba breki nyingi zinasaidiwa na hewa inayovutwa na injini. Ukiizima, utakanyaga mara chache breki zikiwa laini, kisha pedeli inakuwa ngumu kama vile hakuna aliye nyumbani.

Kuhusu kujua kama pleti yako imeanza kuchoka: dalili ya kwanza utaiona mlimani. Unakanyaga mafuta, sauti inapanda, mwendo haupandi. Kuna na kipimo cha haraka nilichofundishwa kwenye gereji ile ile. Tafuta mahali tambarare, mbele pasiwe na mtu, handibreki imevutwa vizuri, mguu kwenye breki. Weka gia ya tatu au ya nne, kisha achia klachi. Injini ikizima pale pale, pleti inashika. Ikiendelea kuzunguka, jiandae na safari ya fundi. Kipimo hiki usikifanye kila siku, chenyewe kinaila.

Lakini kabla hujamwaga pesa, angalia waya. Klachi ya Carry yetu ni ya waya, na pedeli inatakiwa iwe na mchezo kidogo pale juu kabla haijaanza kukaza. Mchezo ukikosekana kabisa, ni sawa na mguu uliopumzishwa juu ya klachi kutwa nzima, hata dereva awe mzuri namna gani. Ukizidi, klachi haikatiki vizuri na gia zinaanza kukwaruza. Kuurekebisha ni nati mbili tu. Ami ananifundisha kulala chini ya gari nizifikie mwenyewe, na siku ya kwanza nilitambaa huko na kanga mbili, moja ya kulalia na moja ya kujifunika, maana baraza nalo lilikuwa limehamia uani kwetu kutazama.

Wanaotaka kununua ya gia wanauliza kuna faida gani basi, kwa tabu yote hii. Mie nitataja moja. Betri ikifa usiku, na usiku ndio muda wangu wa kuitwa, gari hii inasukumwa ikawaka. Ufunguo washa mpaka taa zionekane, kanyaga klachi, weka gia ya pili, isukumwe mpaka ipate mwendo, achia klachi kwa mkupuo na ukanyage tena mara tu inapowaka. Gia ya pili, si ya kwanza, kwa sababu ya kwanza inashtua mno na magurudumu yanaweza kukwama. Wanaosukuma wakae nyuma wote, asiwepo anayevuta kwa mbele. Na ufunguo, nakumbusha tena, uwe umewashwa, ama sivyo mtaisukuma mpaka Chake na bado haitawaka.